Tuzo ya utafiti haitolewi kwa uchungu wa mada

Kila kamati ya tuzo ya utafiti wa matatizo ya kijamii hukutana na andiko la aina hii: mada inatia simanzi, mwandishi anaandika kwa moyo, na maneno ya wahojiwa yanakaa kichwani siku nzima. Ukirudi kuuliza ushahidi umekusanywa vipi, huoni jibu. Majaji huona haya kulinyima alama, kana kwamba kulinyima alama ni kuwageuzia kisogo watu wanaosimuliwa humo. Basi linapanda. Na andiko lingine la mada kavu, tuseme jinsi maofisa wa ustawi wa jamii wanavyoamua fomu ipi ijazwe na ipi iachwe, lenye miezi ya kazi ya uwandani na uchanganuzi usiovuja, linashuka. Tuzo ikishatolewa hivyo mara mbili tatu, wanafunzi wanajifunza haraka: tafuta mada inayoliza, mengine yatajipa.

Wasiwasi wa namna hii si wa leo. Chama cha Marekani cha utafiti wa matatizo ya kijamii, kinachojulikana kwa herufi SSSP, kilianzishwa mwaka 1951, na tangu 1964 kinatoa tuzo ya kitabu yenye jina la mwanasosholojia C. Wright Mills, vitengo vyake navyo huendesha mashindano ya maandiko ya wanafunzi. Mwaka 1966 mwanasosholojia Howard Becker, akiwa rais wa chama hicho, alitumia hotuba yake kuuliza mtafiti yuko upande wa nani. Jibu lake watu hulikumbuka nusu. Alisema kukosa upande hakuwezekani, hilo ndilo linalonukuliwa. Nusu ya pili ndiyo inayoihusu kamati ya tuzo: kwa kuwa huruma haiepukiki, mbinu zetu zitumike kwa namna ambayo huruma hiyo haiwezi kuyabatilisha matokeo. Kwa lugha ya majaji, utafiti mzuri ni ule ambao ungeweza kumkatalia mwandishi alichokuwa akikiamini.

Kanuni ziandikwe kabla ya mwito kutoka

Ugomvi mwingi wa kamati huzaliwa na mwito, yaani tangazo la kukaribisha maandiko, ulioandikwa kwa haraka. Kwanza, usichanganye makundi. Andiko la mwanafunzi wa shahada ya kwanza, sura ya tasnifu ya uzamivu, makala iliyochapishwa na kitabu haviwezi kushindana meza moja. Makala iliyochapishwa imeshapita kwa wahakiki wawili au watatu na mhariri. La mwanafunzi limesomwa na msimamizi, pengine na rafiki mmoja. Ukiwa na fedha za tuzo moja tu, chagua kundi moja.

Pili, eleza mwanafunzi ni nani na lini. Aliyehitimu mwezi mmoja baada ya kuandika je? Suluhisho linalofanya kazi ni kusema: awe mwanafunzi siku ya mwisho ya kupokea maandiko, au awe amehitimu si zaidi ya miezi 12 kabla ya siku hiyo. Tatu, suala la kuandika pamoja na mhadhiri. Mashindano mengi ya wanafunzi hayakubali, na nadhani ni sawa, kwa sababu hakuna anayeweza kutenganisha mkono wa nani umefanya nini. Wanafunzi wawili kwa pamoja, ruhusa. Lakini kila mmoja aandike mistari mitatu kueleza kazi yake: nani alihoji, nani alichanganua, nani aliandika.

Nne, urefu. Maneno 8,000 hadi 10,000, pamoja na maelezo ya chini na majedwali, ni kiasi kinachomtosha mwandishi na kisichomchosha msomaji. Usiseme kurasa; watu hupunguza nafasi kati ya mistari mpaka macho yanauma. Tano, kwa vitabu na makala, taja ni mwaka upi unaohesabiwa: ulioandikwa kwenye ukurasa wa hakimiliki au siku kitabu kilipotoka. Vitabu vinavyotoka mwishoni mwa mwaka mara nyingi hubeba mwaka unaofuata, na mwandishi anaweza kukosa mizunguko yote miwili kwa sababu ya hilo tu.

Na uandike wazi kwamba kamati ina haki ya kutotoa tuzo mwaka huo. Kamati isiyo na kifungu hicho italazimika kumvika taji aliyekuwa afadhali kuliko wenzake, jambo ambalo si sawa na aliyefanya vizuri.

Vigezo na uzito wake

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa maandiko ya wanafunzi ni huu, kati ya alama 100: swali la utafiti 15, mbinu 25, ushahidi na uchanganuzi 30, mchango katika nadharia au sera 20, uandishi 10. Umuhimu wa mada haumo. Sikuusahau. Mwito wenyewe umeshasema tunapokea utafiti wa matatizo ya kijamii, kwa hiyo kila andiko lililopokelewa lina mada muhimu. Ukiuongeza kama kigezo, utakuwa umefungua mlango wa kuhesabu machozi.

Maadili ya utafiti nayo hayapewi alama. Yanapita au hayapiti. Andiko lenye uchanganuzi bora lililotoa siri za wahojiwa lisiokolewe na alama 30 za uchanganuzi.

Swali la utafiti linapimwaje? Mwanasosholojia Herbert Blumer aliandika mwaka 1971 kwamba tatizo la kijamii si hali mbaya iliyokaa tu ikisubiri kupimwa. Hali hiyo huibuka machoni pa watu, hupata uhalali, watu hujipanga kuishughulikia, mpango rasmi huandikwa, kisha mpango huo hugeuka sura unapotekelezwa. Hali mbaya nyingi haziipiti hata hatua ya kwanza. Kwa jaji, mawazo haya ni kipimo kizuri. Andiko linaloanza na “tatizo la X ni kubwa na linaongezeka” bila kuuliza nani amelitaja kuwa tatizo, tangu lini, na kwa vipimo vya nani, limeruka nusu ya kazi. Idadi ya kesi zilizoripotiwa ikipanda, huenda matukio yameongezeka, au polisi wameanza kuandika, au sheria imepanua maana ya kosa. Mwandishi aliyeyafikiria yote matatu anastahili alama zake hata kama hakufikia jibu.

Kwenye mbinu ndiko maandiko mengi ya wanafunzi yanakoanguka, na yanaanguka kwa njia zilezile. Ya kwanza ni kuwahoji walioathirika peke yao. Ukitaka kujua kwa nini vijana huacha shule ukazungumza na walioacha tu, watakutajia umaskini, mwalimu mkali, safari ndefu. Waliobaki shuleni nao wana umaskini uleule, mwalimu yuleyule na safari ileile. Bila kuwauliza hao, hujui kilichotofautisha.

Ya pili ni kuchukua takwimu za maeneo na kuzungumzia watu. Mwanasosholojia W. S. Robinson alionyesha hatari hii mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Alipolinganisha majimbo, majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma; uwiano, yaani kipimo cha −1 hadi +1 cha jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja, ulikuwa karibu −0.53. Alipoangalia mtu mmoja mmoja, wahamiaji ndio walioelekea zaidi kutojua kusoma. Uwiano karibu +0.12. Ishara imegeuka kabisa, kwa sababu wahamiaji walikuwa wamekaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walisoma. Andiko linalosema “wilaya maskini zina uhalifu mwingi, kwa hiyo maskini ni wahalifu” limeingia shimo hilohilo, na kila mwaka kuna linaloingia.

Ya tatu ni ukimya kuhusu wasiojibu. Hojaji 1,000 zimetumwa, 180 zimerudi, halafu ukurasa wa tano unasema “wananchi wanaamini kwamba”. Waliorudisha ni nani? Mwandishi mzuri hulinganisha angalau umri, jinsia na makazi ya waliojibu na ya watu wote wa eneo hilo.

Kwa tafiti za mahojiano, usiulize idadi kwanza. Uliza watu walipatikanaje, nani alikataa, mtafiti aliacha kuhoji kwa sababu gani, na kama kuna mhojiwa aliyesema kinyume na hoja kuu. Huyu wa mwisho namtafuta kwa makusudi. Mahojiano 30 yote yakikubaliana na mwandishi, ama maswali yalikuwa yanaongoza jibu ama mengine yamebaki kwenye daftari. Na kwa majaji waliozoea takwimu: mahojiano 22 yaliyochanganuliwa kwa makini hayakatwi alama kwa kuwa si 2,200. Kinachokatwa alama ni kudai kutokana na 22 kile kinachohitaji 2,200.

Kusoma na kuhesabu

Chukua mfano wa maandiko 36, majaji 9, kila andiko wasomaji watatu. Hiyo ni misomo 108, yaani maandiko 12 kwa kila jaji. Kusoma andiko la maneno 9,000, kulipa alama na kuandika maoni huchukua kama dakika 90, kwa hiyo kila jaji ana saa 18 za kazi. Mpe wiki nne. Ukimpa mbili, atasoma ikisiri (muhtasari wa mwanzo) na hitimisho, na alama zake zitakuwa za ikisiri na hitimisho.

Kabla ya mgawo, majaji wote wasome maandiko matatu yaleyale, wayape alama kila mtu peke yake, kisha wakutane saa moja. Hapo ndipo unagundua kwamba kwa mmoja “nzuri” ni 85 na kwa mwingine ni 65, na kwamba neno “mchango” lina maana nne mezani. Watu huliona zoezi hili kuwa la kupoteza muda. Mwaka linaporukwa ndio mwaka wa kikao cha mwisho cha saa tano.

Hata baada ya hapo, ukali hautafanana. Usichukue wastani wa alama ghafi. Tuseme jaji A wastani wake kwa maandiko yote aliyosoma ni 82, na jaji B ni 64. A amelipa andiko la kwanza 78. B amelipa la pili 72. Ukiangalia namba tu, la kwanza linaongoza. Lakini 78 kwa A ni pungufu ya 4 chini ya kawaida yake, na 72 kwa B ni nyongeza ya 8. La pili ndilo bora. Toa wastani wa jaji kwenye kila alama yake, kisha ujumlishe tofauti hizo. Hesabu hii inakubalika iwapo maandiko yamegawanywa kwa bahati nasibu na kila jaji amesoma kama kumi hivi. Jaji aliyepewa matatu tu, na yote yakawa mazuri kweli, atageuzwa kuwa mlegevu bila kosa.

Wasomaji wakipishana kwa zaidi ya alama 20, mwongeze wa nne, na usiifiche tofauti ndani ya wastani. Mara nyingi andiko linalowagawa majaji ndilo lenye jambo jipya, ilhali lile ambalo kila mtu kalipa 74 halikumkera mtu wala kumfundisha. Baada ya mchujo, maandiko matano au sita yabaki, na hayo yasomwe na kamati nzima, upya, bila kuonyeshwa alama za awali.

Majina yafichwe. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alieleza jinsi sifa inavyomwendea aliyekwisha kuwa nayo: kazi ileile ikitoka kwa mtu mashuhuri husifiwa zaidi. Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walichapisha uchambuzi wa maombi ya ufadhili kwa baraza la utafiti wa tiba la Sweden, wakakuta mwanamke alihitaji kuwa na tija mara 2.5 ya mwanamume ili apewe alama sawa za umahiri. Kuna jambo la pili kwenye uchambuzi huo lisilotajwa sana: waombaji waliokuwa na uhusiano na mjumbe wa kamati walipata alama za juu, ingawa mjumbe huyo hakuruhusiwa kuwapa alama. Wenzake walimbebea.

Ndiyo maana kumwambia jaji “usipige kura kwa mwanafunzi wako” hakutoshi. Msimamizi kuwemo kwenye kamati inayomjadili mwanafunzi wake ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani, hata akiwa amenyamaza. Atoke chumbani, asione alama, asipelekewe muhtasari wa mjadala. Kanuni inayoeleweka ni kwamba hawa ndio wa kutoka: msimamizi, ndugu, mtu wa idara moja, na aliyeandika naye chochote ndani ya miaka mitano. Akiwa na wanafunzi wawili kwenye maandiko sita ya mwisho, ajiuzulu mzunguko huo.

Kuficha jina kuna ufundi wake, na hapa nasema na waandishi. Kufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza ni mwanzo tu. Faili lenyewe huhifadhi jina la mwenye kompyuta kwenye sifa zake, lifute. Ondoa shukrani. “Kama nilivyoonyesha awali” igeuzwe kuwa nafsi ya tatu. Namba ya kibali cha utafiti, inayotaja chuo, iwekwe kwenye fomu ya pembeni ambayo katibu peke yake anaiona.

Kabla ya kutangaza

Kitabu cha Laud Humphreys cha mwaka 1970, kuhusu wanaume waliokutana kwa siri kwenye vyoo vya umma, kilipewa tuzo ya C. Wright Mills. Ni kazi iliyovunja dhana potofu nyingi. Pia mwandishi alirekodi namba za magari ya watu hao, akapata anwani zao, akawafuata nyumbani mwaka mmoja baadaye akiwa amebadilisha mwonekano, akawahoji kama vile ni utafiti wa afya. Wakati huo tendo lao lilikuwa jinai. Vitabu vya maadili ya utafiti vinaufundisha mfano huo hadi leo. Kamati ya sasa haina kisingizio cha kutouliza: ridhaa ilipatikanaje, na je, mtu wa kijiji hicho akisoma andiko hili atamjua mhojiwa? Jina la bandia halimfichi “mkunga wa miaka 58, mjane, wa kata hiyo”. Kibali cha chuo hakijibu swali hili, kwa sababu hutolewa kabla andiko halijaandikwa.

Kisha data. Mwaka 2015 jarida la Science liliondoa makala maarufu kuhusu jinsi mazungumzo ya mlangoni yanavyobadilisha misimamo ya watu juu ya ndoa za jinsia moja. Mwandishi wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Watafiti wengine walijaribu kuiendeleza kazi hiyo, namba zikakataa, na data za awali hazikuweza kuonyeshwa. Mwandishi mwenza, profesa mwenye jina, ndiye aliyeomba iondolewe. Hakuwa amewahi kuzishika data hizo. Kwa hiyo waombe waliofika sita za mwisho wakuletee, ndani ya siku saba, data zilizoondolewa utambulisho pamoja na amri za kompyuta walizotumia kuzichanganua, au, kwa tafiti za mahojiano, mwongozo wa maswali na kurasa mbili tatu za nukuu za uwandani zilizofunikwa majina. Mtafiti halisi hulalamika kidogo na kuleta.

Kuhusu maandishi yaliyotungwa na programu za akili unde, programu za kuyanusa hukosea, na huwaonea zaidi wanaoandika kwa lugha isiyo yao ya kwanza. Mazungumzo ya dakika 20 na kila mmoja wa sita hao yanafaa kuliko programu yoyote. Muulize kwa nini alichagua eneo lile na si lingine, nini kilimshangaza, nini alikiacha nje. Aliyeifanya kazi hunyoosha maelezo hata akiwa na woga.

Kwa makala na vitabu vya wasomi, usihesabu kazi imerejelewa na wengine mara ngapi wala kuangalia jarida ilikotoka. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 liliwataka wafadhili na vyuo waache kupima makala kwa kipimo cha jarida, na kwa utafiti wa matatizo ya kijamii sababu iko wazi zaidi: tatizo ambalo halijapata uhalali wa umma halina watu wa kulirejelea.

Kinachotolewa

Fedha zitangazwe kwenye mwito, si siku ya sherehe. Kwa mwanafunzi, nauli na ada ya kongamano mara nyingi zina thamani kuliko kiasi kilekile kikiwa mkononi, maana huko ndiko atakakosomwa. Hati iandike jina la andiko, si la mtu tu, na barua iende kwa mkuu wa idara yake. Usichapishe andiko zima mtandaoni bila kumuuliza: majarida mengi hutaka kazi ambayo haijatoka, na tuzo yako inaweza kumfungia mlango. Ikisiri inatosha.

Wasioshinda wapelekewe nusu ukurasa wa maoni kila mmoja, ndani ya wiki tatu baada ya uamuzi: nini kimesimama, na jambo moja, moja tu, la kurekebisha kabla ya kupeleka jaridani. Maoni hayo yanatoka kwenye fomu za majaji zilizokwisha jazwa. Kazi ya katibu ni kufuta makali. Yule wa mada iliyoliza na mbinu iliyopwaya naye aelezwe hivyohivyo, mahususi: “hujatuambia ni akina nani walikataa kuhojiwa.” Hilo anaweza kulirekebisha, na akirudi mwaka unaofuata, kanuni ziseme kama andiko lililoboreshwa linapokelewa tena. Mimi ningelipokea.

Mwisho kiandikwe kifungu cha kunyang’anya tuzo: nani anapokea malalamiko, ndani ya muda gani, nani anaamua, na kwamba mshindi husikilizwa kwanza.